Taa Inayoitika Chini ya Mafunjo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo Kidogo cha Polisi, Mwalo wa Chini, Kampala
Tarehe: Jumatatu, 12 Mei 2025
Yameanza kuandikwa: saa nane na dakika ishirini mchana
Jina la shahidi: Hajara Sufian
Umri: miaka 53
Dini: Mwislamu
Kazi: mshonaji na muuza nguo
Makazi: Old Kampala, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi
Mwandishi wa maelezo: Koplo wa Upelelezi Acen

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Watu wengi huniita Hajati. Makka sijafika, na hilo naomba liandikwe, maana nimeapa kusema kweli na sitaki nianze na uongo mdogo. Wakiniita Hajati huwa sikatai, basi.

Nimesoma mpaka darasa la sita. Koplo Acen aliuliza kama anaweza kuandika kwa Kiingereza halafu anitafsirie. Nilikataa. Babu yangu alikileta Kiswahili mpaka kilima chetu kwa miguu, na mzigo wa vitambaa kichwani. Sitamwacha binti yangu aandikwe kwa lugha ambayo siwezi kuisahihisha.

Mimi ni mama mzazi wa Taqwa Tajudin, mwenye umri wa miaka 26. Baba yake ni marehemu. Ni mtoto wangu wa pekee, na nasema mbele ya afande kwamba wengine wana watoto kumi na hawana Taqwa mmoja. Kazi yake ni kupiga picha chini ya maji. Hapa Kampala sijasikia msichana mwingine anayeifanya kazi hiyo, na nimeulizia. Wenye boti humwita apige picha za tumbo la boti ndani ya maji, ili waone palipooza kabla ya kuivuta boti nchi kavu. Anazama kwa pumzi yake tu, bila mtungi. Nimemhesabia mara nyingi. Mimi nahesabu kwa tasbihi, subhanallah moja kwa punje moja. Taqwa anafika punje tisini na bado anatoka anacheka.

Boti ni kazi tu. Anachopenda ni nkejje, vile visamaki vidogo vinavyokaa kwenye mizizi ya mafunjo. Watu wa utafiti walichukua picha yake moja wakaitia kwenye kalenda. Ninayo dukani, ukutani. Mteja akija kununua shela, ataona kwanza samaki wa binti yangu, ndipo aone shela.

Afande ameniomba nisitoke nje ya habari. Sijatoka.

Kamera yake ni ndogo, inaingia mkononi, imo ndani ya kasha la plastiki ngumu la kuzuia maji. Ina flashi yake ndogo mbele, karibu na jicho la kamera. Taqwa alinieleza ubaya wake. Maji ya ziwa pale Ggaba, anakofanyia kazi, si meupe, yana vumbi na majani yaliyooza. Flashi ikiwa karibu na jicho, inawasha vumbi lote lililo mbele, na samaki anatoka kama amemwagiwa unga. Inatakiwa flashi nyingine ya nje, inayokaa mbali na kamera, imulike kutoka ubavuni. Hiyo ya nje haina kitufe cha kupigia. Ina jicho lake dogo. Inasubiri ione flashi ya kamera ikiwaka, na yenyewe inawaka hapo hapo. Wanaziunganisha kwa kamba ya plastiki inayopitisha mwanga, lakini hata kamba isipokuwepo, flashi ya nje ikiona mwanga wa mwenzake, inawaka. Taqwa alisema, "Mama, ni kama wewe ukiwa jikoni. Nikiita Mama, unaitika kabla hujajua nataka nini."

Mnamo tarehe 24 Aprili 2025, Alhamisi, saa tano asubuhi, nilikwenda na Taqwa kwa Zéphyrin, Mkongo anayeuza kamera kuukuu kwenye ghorofa moja karibu na soko la Owino. Taqwa alikuwa ameposwa, na nikaha ilikuwa iwe tarehe 23 ya mwezi huu. Nilimwambia achague zawadi ya kuondokea nyumbani. Mabinti wengine huchagua vyombo. Wangu alichagua flashi.

Zéphyrin aliweka mbili juu ya meza. Moja ndogo, nyepesi, mpya. Nyingine kubwa, nyeusi, ya zamani, imekwaruzika ubavuni. Taqwa aliishika ile ndogo tu, ile kubwa hata hakuigusa.

Zéphyrin alisema, "Mama, hii kadogo iko na akili. Ukiisahau, inalala yenyewe, betri haiishe. Ile kubwa hailale. Ukishaiwasha, inakaa macho mpaka uizime."

Nikamwambia, "Mimi sinunui kitu kinacholala kazini."

Nikazishika zote mbili, moja huku moja huku. Ile ndogo ilikuwa kama sanduku la kiberiti. Ile kubwa ilikuwa na uzito wa kitu. Afande, miaka thelathini nimenunua vitambaa kwa mkono. Kitambaa chepesi ni cha kukudanganya. Kizito hakikuaibishi. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha, na sikujua kipimo kingine.

Taqwa alicheka akasema, "Mama, unapima flashi kama kitenge." Kisha akamwambia Zéphyrin, "Hiyo kubwa itanivuta mkono chini, kaka."

Zéphyrin hakumtazama. Alikuwa ananiangalia mimi. Nilimwambia Taqwa, "Kwani mkono wako ni wa udongo? Mtoto wangu mimi atashindwa na taa?" Akatazama ile ndogo tena, halafu akatazama uso wangu. Akasema, "Sawa, ya Mama ndiyo nzuri." Tukachukua kubwa.

Naomba iandikwe hivyo. Ile ndogo aliichagua yeye, na ile kubwa niliichagua mimi.

Ijumaa tarehe 9 Mei, baada ya swala ya alasiri, Taqwa alikuja chumba cha cherehani. Kesho yake alikuwa na kazi Ggaba. Alisema ile flashi huwa anaishika kwa mkono wa kushoto, mbali na kamera, na inamchokesha vidole. Alitaka nimshonee mkanda wa kuifunga kwenye kifundo cha mkono. Alileta klipu ya plastiki, zile za mkoba, zinazofunguka kwa kidole kimoja. Alisema, "Tia hii hapa katikati, Mama."

Nilimwambia klipu za plastiki ni za watoto wa chekechea. Itafunguka yenyewe na zawadi yangu itakwenda kwa samaki. Nikachukua turubai la hema na uzi wa mahema, nikashona mistari mitatu. Mishono yangu haiachii. Wapo wateja waliotupa nguo zimechakaa na mshono wangu bado mzima. Niliacha ncha mbili za kufunga.

Jumamosi tarehe 10 Mei, saa mbili na nusu asubuhi, alikunywa chai na chapati mbili. Alitaka kuona kama mkanda unamtosha. Nilimfunga mwenyewe mlangoni, mkono wa kushoto, fundo juu ya fundo, nikakaza kwa meno.

Akauliza, "Na nikitaka kuivua?"

Nikamjibu, "Utakuja nyumbani nikuvue."

Alicheka. Alifunga flashi kwenye mkanda hapo hapo, akaibeba mkononi kama bibi harusi aliyebeba mkoba, akatembea hivyo mpaka kwenye boda ili anifurahishe. Nilimwona akipanda. Sijamwona tena.

(Hapa shahidi alipumzika kwa dakika chache. Alikunywa maji.)

Kazi ilikuwa kwa bwana Nyongesa, Mkenya, fundi wa boti hapo Ggaba. Namfahamu. Ni Mkristo, mtu wa adabu, na boti zake mbili Taqwa alizipiga picha mwaka jana. Utaratibu wao ni kwamba anayezama huwa na mtu wa juu, anayekaa ukingoni akitazama maji mpaka mwenzake atoke. Mtu wa juu hafanyi kitu kingine. Siku hiyo mtu wa juu alikuwa Nyongesa.

Taqwa hakurudi saa kumi kama alivyosema. Nilipiga simu yake. Iliita, haikupokelewa. Nilipiga mara kumi na nne, na kila mara iliita mpaka ikakatika yenyewe. Baada ya magharibi nilimpigia Nyongesa. Akasema, "Hajati, alimaliza kazi mapema, akaenda zake. Hata mkoba wake haupo hapa."

Saa mbili usiku nilikuja kituoni hapa na shemeji yangu. Askari aliyekuwa kaunta, si Koplo Acen, aliuliza kama binti ana mchumba. Shemeji alijibu kwamba nikaha imebakiza wiki mbili tu. Askari akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu. Alisema, "Mama, simu inaita, mkoba wake haupo, ndoa iko karibu. Huyu yuko kwa rafiki yake." Aliandika kwamba huenda amekimbia ndoa. Shemeji hakumpinga. Njiani kurudi nyumbani alisema tusubiri, mtoto atapiga simu akiwa amefika huko alikokwenda.

Nataka hili liandikwe wazi. Taqwa alimpenda Wasim. Wasim ni mwalimu wa madrasa, mpole, na wote wawili wanacheka mambo yale yale. Nguo ya nikaha iko kwenye cherehani yangu, imebaki pindo. Binti yangu hakukimbia. Hakimbii. Hata akiudhika huwa anakaa mbele yako mpaka uombe msamaha.

Jumapili tarehe 11 Mei, saa mbili asubuhi, nilifika Ggaba peke yangu. Nyongesa alinionyesha boti, na karibu na boti kuna kisiwa cha mafunjo kilichosogezwa na upepo wiki iliyopita kikashika ukingo. Nilimuuliza, "Ulimwona akienda?"

Akasema, "Sikumwona akibaki."

Nikasema, "Hilo si jibu, Nyongesa."

Akarudi kwenye boti yake.

Nilikaa hapo juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Watu waliuza samaki, walipiga kelele za bei, na mimi nilikuwa natazama maji. Saa nane mchana Nyongesa alikuja mbio. Alikuwa ameshika kamera ya Taqwa. Aliikuta inaelea kwenye magugu. Kasha lile lina hewa ndani, halizami. Flashi haikuwepo. Ile kamba ya kupitisha mwanga ilikuwa bado imechomekwa kwenye kamera, na ncha ya upande wa pili inaning'inia.

Nyongesa alisema, "Labda iliporomoka mkononi alipokuwa anaondoka."

Nilijua jinsi ya kuiwasha, Taqwa alinifundisha ili nimpige picha nyumbani. Picha zilizokuwa ndani sikuthubutu kuzitazama. Nilitaka tu kusikia ikilia ile sauti yake ya kuwaka. Nilishuka majini mpaka magotini, kwenye ukingo wa yale mafunjo. Kulikuwa na mawingu, mvua ilikuwa inakuja, na chini ya mafunjo ni giza hata mchana. Niliinamisha kamera ndani ya maji nikabonyeza.

Flashi ya kamera iliwaka. Na chini ya mafunjo pakawaka.

Ulikuwa mwanga wa kijani, mpana, kama mtu amefungua mlango wa chumba chenye taa akaufunga. Ulitoka mbele yangu, chini, si mbali. Niliona mizizi yote kwa mara moja, nyeusi, imening'inia kama nywele.

Nyongesa aliuliza, "Hajati, umeona?" Nikamwambia anyamaze.

Nilijiambia labda ni mwangwi wa mwanga, kuna chupa au bati huko chini linarudisha flashi ya kamera. Nikabonyeza tena papo hapo. Kamera iliwaka. Chini hapakuwaka. Nikakumbuka maneno ya Taqwa, kwamba flashi ikishapiga lazima ivute pumzi, ijaze umeme tena kutoka kwenye betri. Nikahesabu tasbihi tano. Nikabonyeza. Chini pakawaka.

Kioo hakichoki, afande. Kioo kinakurudishia kila unapokipa. Kile kilichokuwa chini kilikuwa kinachoka na kupumzika na kuitika. Kilikuwa ni ile flashi yangu nzito isiyolala. Na niliifunga mwenyewe kwenye mkono wa mtoto wangu.

Simu niliipiga mara kumi na nne, haikupokelewa. Huku niliita mara moja, nikaitikiwa.

Nilikuja kituoni saa kumi na nusu. Askari yule yule wa kaunta alisema maji huwa yanang'aa, na kwamba mama akiwa na huzuni huona mengi. Alisema flashi inaweza kuwa imedondoka yenyewe na msichana akaenda zake. Nilisema imefungwa mkononi. Akasema, "Mama, kitu kilichofungwa kinafunguliwa."

Nilirudi nyumbani. Sikulala, lakini hilo si ushahidi.

Leo Jumatatu tarehe 12 Mei, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilirudi pale pale. Niliweka kigingi jana, nikakifunga kitambaa cha kanga yangu, maana kisiwa kile kinatembea upepo ukikipata. Hakijatembea sana. Nilibonyeza mara moja. Paliwaka. Nilitaka kujua hali ya betri. Nilihesabu tasbihi tano, nikabonyeza, hapakuwaka. Nikahesabu mpaka kumi na moja, hapakuwaka. Nilipofika kumi na nane, pakawaka, na mwanga ulikuwa umepungua, wa rangi ya chai.

Jana ilikuwa tano. Leo ni kumi na nane. Koplo Acen ameuliza hiyo ni sekunde ngapi. Mimi sijui, ahesabu mwenyewe kwa saa yake nikitamka. Tumehesabu pamoja na amesema tasbihi yangu moja inakaribia sekunde moja.

Tangu hapo sijabonyeza tena. Natamani. Nimeitoa kamera kwenye mfuko mara nyingi nikairudisha. Kila nikimwita nampunguzia mwanga, na ukiisha sitakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu yeyote. Mimi siwezi kuzama. Binti yangu alisema atanifundisha mwaka huu.

Saa tatu asubuhi, nikiwa bado pale, alikuja Ayoo, mama anayekaanga samaki hapo mwaloni. Alikuwa ametoka Jinja, kwenye mazishi ya wifi yake. Aliondoka Jumamosi saa sita mchana. Alikuwa amebeba mkoba wa Taqwa na viatu vyake. Aliniambia, "Mama Taqwa, mwambie huyo binti asinicheze hivi. Ananiachia vitu kwenye kasha langu kama kawaida, nafunga, ufunguo wa pili anajua ulipo, naenda mazishini, narudi vipo. Simu yake imekufa kwa kuita."

Kisha akaona uso wangu, akakaa chini.

Hivyo mkoba haukuondoka. Ulikuwa umefungiwa ndani ya kasha la mbao hatua thelathini kutoka majini. Viatu pia. Nauliza, nani anakimbia ndoa bila viatu?

Nyongesa alisikia maneno ya Ayoo. Alikuja akasimama mbele yangu akavua kofia. Alisema, "Hajati, nilidanganya. Alitoka majini akasema picha za boti zimekwisha, anataka kuangalia samaki kidogo chini ya mafunjo. Mteja akanipigia simu. Nikaondoka. Nilirudi baada ya nusu saa, maji yametulia, sikuona viatu. Nikajiambia amekwenda." Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilitaka iwe kweli kwamba amekwenda."

Sina la kuongeza juu yake. Yuko nje kwenye benchi, amekuja kwa miguu yake kutoa maelezo yake. Naomba asipigwe.

Sasa nasema jambo ambalo sikumwambia Ayoo wala Nyongesa. Baada ya mkoba kuja, niliona hakuna cha kuogopa tena, nikazifungua picha. Za boti ni arobaini na moja, safi, mpaka misumari inaonekana. Halafu nkejje, picha tatu. Ya mwisho kati ya hizo tatu ni nzuri kuliko ile ya kalenda. Samaki amegeuza jicho, ana bluu ubavuni, na nyuma yake maji ni meusi, hakuna unga hata chembe. Flashi ile ilimulika kama alivyotaka. Nawaambia ni picha ambayo watu wa Ulaya wangeiomba.

Baada ya hiyo kuna moja tena. Haikupangwa, imeinama. Ni mkono wake wa kushoto. Mizizi miwili imepita kati ya mkanda na flashi na kujisokota. Mkanda umekaza. Vidole viwili vya mkono wa kulia, ule ulioshika kamera, viko kwenye fundo.

Mishono inaonekana yote mitatu. Haijaachia hata mmoja.

Ninamkabidhi Koplo Acen kamera hii pamoja na mkoba na viatu. Ninakabidhi pia klipu ya plastiki ambayo Taqwa alinipa Ijumaa. Niliikuta kwenye meza ya cherehani.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, yale maneno ya kukimbia ndoa yafutwe kwenye kitabu cha kaunta. Shemeji amekwisha kuyapeleka kwa watu, na mama yake Wasim ameuliza kwa upole kama nikaha bado ipo. Nataka aambiwe kwamba binti yangu yuko pale pale alipokuwa anafanya kazi. Pili, wazamiaji waje leo, kabla jua halijazama na kabla betri hazijafa. Kwetu maiti haikawizwi, na yeye amekwisha kukawia siku mbili akiniitikia.

Kama afande haamini, aje na mimi abonyeze yeye mwenyewe. Mara moja tu.

Niliyoyasema yameishia hapo. Nimesomewa kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, nimesahihisha mahali pawili, na hakuna mtu aliyenitia neno mdomoni. Hiyo ndiyo kweli yangu, pamoja na ile sehemu inayonishitaki mimi.

Sahihi ya shahidi: Hajara Sufian
Saa tisa na dakika thelathini na tano alasiri

MAELEZO YA AFISA

Mimi, Koplo wa Upelelezi Acen, nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotamkwa, nikamsomea shahidi, akaweka sahihi mbele yangu. Vielelezo vinne vimepokelewa: kamera, mkoba, viatu, klipu. Picha ya mwisho nimeiona.

Saa kumi na dakika kumi nilifika ukingo wa mafunjo, Ggaba, nikiwa na shahidi na bwana Nyongesa. Hali ya hewa: mawingu mazito, hakuna upepo. Kigingi chenye kitambaa cha kanga kipo. Niliingia majini na kubonyeza kamera mara moja mimi mwenyewe.

Mwanga uliitika. Ulikuwa hafifu, kutoka chini ya mafunjo, takriban mita nne upande wa kushoto wa kigingi.

Sikubonyeza tena. Nimepima mahali hapo kwa kamba na kuweka kigingi cha pili. Wazamiaji wa polisi wameombwa kwa simu saa kumi na dakika kumi na nane na wamesema wako njiani. Maneno "huenda amekimbia ndoa" nimeyakata kwenye kitabu cha kaunta na kutia sahihi yangu.

Shahidi amekataa kukaa kwenye gari. Amesimama majini mpaka magotini. Ameniomba niwaambie wazamiaji wakate mizizi, wasikate mkanda. Anasema alimwahidi binti yake kwamba atamvua yeye.

Nimekubali. Nitawaambia.

Koplo wa Upelelezi Acen